Kusikiliza 5.5, kusoma 6.0: ninapoteza alama wapi?

Mpanda_Ngazi

Habari za wakati huu, wana jukwaa. Naomba mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo. Nimeshauliza watu watatu na wote wamenijibu "soma sana, sikiliza sana". Nasoma na kusikiliza sana tayari, na ndiyo maana nimekuja hapa.

Nina barua ya udahili wenye masharti, shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Chuo kinataka mtihani wa Kiingereza wa IELTS Academic, wastani wa 6.5, na stadi yoyote isishuke chini ya 6.0. Majibu yangu yametoka wiki iliyopita: kusikiliza 5.5, kusoma 6.0, kuandika 6.0, kuongea 7.0. Wastani 6.0.

Kiingereza ninacho. Kazini naandika ripoti kwa Kiingereza kila mwezi, na kwenye kuongea mmeona alama niliyopata. Nikivaa hedifoni naelewa kabisa wanazungumzia nini: huyu anataka kujiunga na kozi ya jioni, yule anaeleza jengo jipya la maktaba. Ukinisimamisha katikati uniulize habari imefikia wapi, nitakusimulia. Lakini nikija kusahihisha nakuta nimekosa nusu. Nimeandika herufi moja isiyo yake kwenye jina la mtu, nimeandika 30 badala ya 13, au nimekwama swali la 14 na nilipozinduka wapo la 18.

Kwenye kusoma adui yangu ni muda na yale maswali ya True, False, Not Given (kweli, si kweli, haikutajwa). Kifungu cha kwanza hunichukua dakika 27 au 28 kwa sababu nataka nikielewe chote. Kifungu cha tatu nakifikia zimebaki dakika kumi na kitu. Siku ya mtihani maswali saba ya mwisho nilibahatisha.

Kabla ya hapo nilijiunga na kituo kimoja cha maandalizi kwa wiki sita. Tulifanya jaribio baada ya jaribio, unapewa namba uliyopata, mnaanza jingine. Tukaambiwa ukisoma sentensi ya kwanza na ya mwisho ya kila aya inatosha, na ukikosa jibu jaza Not Given. Niliingia na 21 kati ya 40 kwenye kusikiliza, nikatoka na 21.

Nina wiki saba kabla chuo hakijafunga dirisha. Nifanye nini tofauti? Na je, nihamie mitihani mingine ya Kiingereza, TOEFL au PTE?

Sikio_na_Kalamu

Pole sana mdogo wangu. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu barua yako ningeweza kuwa nimeiandika mimi. Huu mtihani nimeufanya mara tatu, mara mbili za mwanzo kusikiliza kukanikwamisha, na sasa ni mwaka wa sita nakaa na watu wanaojiandaa, mmoja mmoja, tukichambua makosa yao.

Tuanze na hesabu, maana inaonekana hakuna aliyekufanyia. Jumlisha alama zako: 5.5, 6.0, 6.0 na 7.0 ni 24.5. Gawa kwa nne unapata 6.125, inashushwa kuwa 6.0. Sasa pandisha kusikiliza peke yake hadi 6.0. Jumla inakuwa 25, wastani 6.25, na kanuni ya IELTS ni kwamba robo hupandishwa hadi nusu inayofuata. Hiyo ni 6.5, na wakati huohuo hakuna stadi iliyo chini ya 6.0. Nusu alama moja inakutimizia masharti yote mawili. Kwa wastani 6.0 ya kusikiliza ni majibu sahihi kama 23 kati ya 40, na wewe unapata 21. Usitulie kwenye 23 kwa sababu majaribio hayafanani, lenga 27. Lakini ujue unatafuta maswali machache tu, unayoweza kuyataja moja moja. Huna haja ya kujifunza lugha upya.

Pia muulize ofisa udahili kama chuo kinapokea One Skill Retake, yaani kurudia stadi moja tu. Ipo kwa waliofanya kwa kompyuta, unairudia ndani ya siku 60 tangu mtihani wa kwanza, na mara moja tu. Haipo kila kituo na si kila chuo kinaikubali, kwa hiyo pata jibu la maandishi kabla hujalipa.

Sasa sikio. Umesema unaelewa habari ila unakosa majibu. Nakuamini, na sababu yake kubwa ninaiona kwenye lugha yetu wenyewe.

Kiswahili kinatamka kila silabi kikamilifu. Hakuna irabu inayomezwa, na karibu kila neno linafungwa kwa irabu. Hata maneno tuliyoazima tumeyavalisha: "ticket" ikawa tiketi, "bank" ikawa benki. Sikio lililokulia humo halina mazoea ya kungoja konsonanti mwishoni mwa neno, na Kiingereza huficha mambo mazito hukohuko mwishoni: wingi, wakati uliopita, kukanusha. Msemaji anasema "tickets", wewe unaandika "ticket", umekosa alama nzima. Maana uliipata kabisa, s ndiyo iliyokupita. Nimesahihisha karatasi za watu wengi na kosa hili la s moja ndilo ninalokutana nalo kuliko mengine yote.

La pili ni herufi. Sehemu ya 1 karibu kila mara ina mtu anayetaja jina lake herufi kwa herufi. Msemaji akitamka E, sisi tunasikia "i". Akitamka I, tunasikia "ai". A yao ni "ei", ambayo mkono wetu unaiandika E. Ukijumlisha G na J, umepoteza jina. Dawa yake ni ndogo na inachosha: siku kumi, kila siku dakika tano, mtu akutajie majina kwa herufi za Kiingereza nawe uandike bila kufikiri. Kama huna mtu, jirekodi jioni usikilize asubuhi. Ongeza namba za simu humo, wanavyozisoma wao: "double four" ni 44, na sifuri mara nyingi huitwa "oh".

Kuhusu 13 na 30: hebu sema "barabara" ya kupita magari, kisha "barabara" ya mtu anayekubali kwamba mambo yako sawasawa. Herufi ni zilezile, mkazo ndio uliohama, na hukosei hata mara moja. "Thirteen" na "thirty" jifunze kuzisikia hivyohivyo. Kwenye "thirty" mkazo uko mwanzo na mwisho unafifia, kwenye "thirteen" mara nyingi mwisho ndio unaovutwa na n inasikika. Una kipaji hicho tayari, unakitumia kila siku kwa lugha nyingine.

La tatu ndilo gumu: maneno yanayoungana. "Should have been" kwenye karatasi ni maneno matatu, masikioni ni kitu kama "shudabin". Hili haliondoki kwa kusikiliza podikasti huku unapika. Mimi liliniondoka kwa kuandika imla. Chukua dakika moja, nasema moja tu, ya mhadhara au mazungumzo yenye maandishi yake. Sikiliza sentensi, simamisha, andika kila neno. Rudia hadi mara tano. Kisha fungua maandishi ulinganishe, na kila neno lililokupita litamke wewe mwenyewe kwa kasi ileile ya msemaji. Mwanzoni dakika hiyo moja itakuchukua dakika arobaini. Nilikuwa naumwa kichwa kwa hasira. Wiki ya tatu nikaanza kusikia "of" na "the" ambazo miaka yote nilikuwa nazikisia tu.

Kuhusu kukwama swali la 14 na kuzindukia la 18: rekodi inasikika mara moja tu, na majibu yanakuja kwa mpangilio wa maswali. Macho yako yawe kwenye maswali mawili kwa pamoja, hili na lijalo. Ukisikia neno la swali lijalo, lililopita limeshakwenda. Andika lolote, hama. Jibu baya halipunguzi alama, kwa hiyo usiache nafasi tupu hata moja. Sehemu ya 4 ni mhadhara usio na pumziko katikati, na hapo anayeomboleza swali la 33 huwa anapoteza hadi la 36.

Jihadhari pia na msemaji anayejisahihisha. Atasema Jumanne, mwenzake atamkumbusha jambo, atahamia Alhamisi. Jibu la kwanza limewekwa pale kwa ajili ya mwenye haraka. Na soma maelekezo: yakisema si zaidi ya maneno mawili, ukiandika matatu umekosa hata kama jibu limo ndani.

Kusoma nitarudi kesho, nimechoka mkono.

Njia_Mbili

Nijibu lile la kuhamia TOEFL au PTE, maana nimefanya IELTS na PTE Academic.

PTE yote ni kwa kompyuta, alama ni 10 hadi 90, na stadi zinachanganyika: swali moja linaweza kukupa alama za kusikiliza na za kuandika kwa pamoja. Mfano mzuri ni lile la imla. Unasikia sentensi mara moja, unaichapa yote. Kama tatizo lako ni s ya mwisho na maneno yanayomezwa, linakufuata huko, tena kwa ukali zaidi. TOEFL nako kuna mihadhara na mazungumzo ya chuoni, na sikio utakalokwenda nalo ni hilohilo.

Mimi nilihama kwa sababu IELTS ilinishinda kwenye kuandika. Kwa hali yako ya nusu alama, sikushauri uanze kujifunza sura ya mtihani mwingine ndani ya wiki saba. Kwanza hakikisha chuo chako kinaupokea, vingine vina orodha fupi.

Sikio_na_Kalamu

Nakubaliana na Njia_Mbili. Sasa kusoma.

Dakika 60, vifungu vitatu, maswali 40, na hakuna dakika za ziada za kuhamisha majibu. (Kwenye kusikiliza, anayefanya kwa kompyuta hupewa dakika 2 za kukagua.) Vifungu huelekea kupanda ugumu. Wewe unatumia karibu nusu ya muda kwenye kile chepesi kuliko vyote, na alama zake ni zilezile swali kwa swali. Jiwekee mpaka: kifungu cha kwanza dakika 17, basi. Ya kumi na saba ikifika, jaza yaliyobaki kwa kukisia na uondoke. Itakuuma, hasa kama ni mtu wa kumaliza kitu anachokianza. Nimewaona watu makini sana wakishindwa jambo hili moja kwa sababu wamelelewa kuelewa kabla ya kujibu, na hiyo ni tabia njema ambayo chuoni utaihitaji sana. Ndani ya saa ile iweke kando.

Ile mbinu ya sentensi ya kwanza na ya mwisho iache. Inafaa kidogo kwenye kulinganisha vichwa na aya, ingawa hata huko aya nyingi hugeuka katikati kwa "however". Kwa maswali mengine soma swali kwanza, chagua neno lisiloweza kubadilishwa kirahisi, kama jina la mtu, mwaka au istilahi, kisha litafute kwa macho. Ukilipata, soma taratibu sentensi hiyo, ya kabla yake na ya baada yake.

Na Not Given. Ulichofundishwa, kwamba ukikosa jibu jaza Not Given, ndicho kilichokuangusha. False ina maana kifungu kimesema kinyume. Not Given ina maana kifungu kimenyamaza. Tuseme kifungu kinasema: "Nyuki wengi wa jamii hii hujenga viota ardhini." Ukipewa "Nyuki wote wa jamii hii hujenga viota ardhini", hiyo ni False, kwa sababu "wengi" na "wote" zinapingana na unaweza kuweka kidole kwenye neno linalopinga. Ukipewa "Viota vya ardhini ni salama kuliko vya mitini", tafuta neno linalolinganisha usalama. Halipo. Not Given. Hata kama wewe ni mfugaji nyuki na unajua jibu, bado Not Given.

Kwa hiyo kabla ya kuandika False jiulize: kidole changu kiko kwenye neno gani? Huna neno, si False. Maswali haya hufuata mpangilio wa kifungu, kwa hiyo kama la 3 liko aya ya pili na la 5 liko aya ya nne, la 4 liko kati yake. Usilitafute kwingine.

Sasa kazi yako ya wiki hii. Usifanye jaribio jipya hata moja. Chukua yale mliyofanya kituoni, kila ulilokosa liandikie sababu kwa maneno yako: herufi, s, namba, nilipotea, sikuelewa, muda. Ulete hapa idadi.

Mpanda_Ngazi

Dada, asante sana, na Njia_Mbili pia. Nimekaa na jaribio langu la mwisho la kituoni siku mbili. Kusikiliza nilikosa 19. Nimeyagawa hivi:

Nililisikia neno nikaliandika vibaya (s ya wingi, tahajia): 6
Herufi za majina na namba: 3
Nilipotea baada ya kukwama: 5
Sikuelewa kilichosemwa: 5

Nimeziangalia namba hizi muda mrefu. Miezi yote hii nilikuwa najiambia Kiingereza changu ni kidogo, kumbe maswali ambayo sikuyaelewa kweli ni matano. Tisa niliyasikia.

Imla nimeanza jana. Dakika moja imenichukua dakika hamsini. Kuna mahali msemaji alisema "it could have affected" nami nikaandika "it could affect". Nilirudia mara saba, na mara ya saba nikasikia kitu kidogo sana pale katikati. Nilisimama kwenye kiti.

Ofisa udahili ameandika kwamba wanapokea One Skill Retake. Kituo nilichofanyia wanayo, na nimebakiwa na siku 47. Nina swali moja: nikirudia kusikiliza peke yake, ina maana kusoma nikuache kabisa?

Sikio_na_Kalamu

Hongera kwa ile "have". Ni neno dogo lakini ni ushahidi kwamba sikio limeanza kufunguka.

Ndiyo, kama chuo kimekubali kwa maandishi, kusoma kuache hadi utakapoingia darasani. 6.0 uliyonayo inatosha kwa masharti yao. Weka nguvu yote kwenye zile 6 na 3. Zikirudi hata saba kati ya hizo tisa, uko kwenye 28. Zile tano za kupotea zitapungua zenyewe ukizoea kutazama maswali mawili kwa pamoja. Zile tano usizozielewa ziache zilivyo.

Mpango wako: siku 30 za kwanza imla kila siku, dakika moja ya sauti, na herufi na namba dakika tano. Jaribio zima mara moja tu kwa wiki, Jumamosi, saa uliyopangiwa mtihani, ukiwa na hedifoni kichwani na bila kusimamisha. Jumapili unachambua, husahihishi tu. Baada ya hapo majaribio mawili kwa wiki. Siku mbili za mwisho usifanye lolote jipya.

Na kila jibu la nomino, kabla hujaliacha, tazama sentensi ya swali: kuna "a" au "an" mbele yake? Ni umoja. Kuna "many", "several", au kitenzi cha wingi? Weka s hata kama hukuisikia. Sarufi unayo, iache ikusaidie pale sikio linapochelewa.

Mpanda_Ngazi

Nimepitia zile sita kwa kigezo hicho cha "a" na "many". Nne ningezipata bila hata kusikia s. Nimeweka nafasi ya kurudia kusikiliza, siku ya 38 kati ya zile 47. Jumapili nitaleta hesabu ya jaribio la kwanza.